Swali la Nne Kabla ya Sumaku

Maswali yalikuwa kumi na sita, na mimi nilidanganya katika la nne. La tano sikulidanganya, ila nililijibu kwa namna iliyokuwa mbaya kuliko uongo. Naanza na hilo kwa sababu wapo watakaoketi kwenye benchi nililoketi mimi, mikono katikati ya magoti, wakisubiri kuitwa katika chumba chenye mashine ya sumaku. Nayajua watakayokuwa wanayafikiri.

Mimi ni fundi cherehani wa Nyakabanda, hapa Kigali. Nina miaka sabini na moja. Ugonjwa wangu kwa Kinyarwanda huitwa agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Kabla haujanipata nilidhani ni ugonjwa wa watu wasio na kazi.

Vidonge vya kwanza nilivianza mvua za masika zilipoanza. Vilinikausha mdomo hata wali ukawa kama unga wa mbao. Vya pili vilikuja kiangazi, vumbi jekundu likiwa juu ya kila kitu dukani. Hivyo vilinilaza mchana kutwa, nikiamka sijui kama ni leo au ni jana. Vya tatu vilikuja na masika nyingine, vikanitetemesha mikono hata uzi usipate tundu la sindano. Suruali yangu niliipunguza kiuno mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe. Mara ya tatu sikuweza kushika mkasi, nikafunga kamba ya pazia. Wateja wa sare za shule walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa vimekunjwa vilevile kama walivyovileta. Hakuna aliyenisema. Ingekuwa afadhali wangenisema.

Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Adhana ya alfajiri ilinikuta macho, uso ukiwa ukutani. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, asinipe asubuhi nyingine. Kila siku alinipa.

Habari za mashine zililetwa na binti yetu Zulfa, anayeuza viatu Kabuga. Kuna kliniki, alisema, wanaweka sumaku juu ya kichwa, inagongagonga, siku tano kwa wiki, wiki sita. Wengine walioshindwa na vidonge inawasaidia.

"Sumaku kichwani?" mke wangu Hadija akashangaa. Dukani tunayo sumaku ya kuokotea pini sakafuni, na ndiyo pekee aliyoijua. "Baba yako si pini, Zulfa."

"Mama, ni mashine ya hospitali. Si ile ya kuokotea."

"Na ikimvuta akili ikaondoka nayo?"

"Akili gani, Mama? Mtazame."

Wakageuka wote wawili kunitazama. Nilikuwa nimekaa kitandani na soksi moja mkononi. Nilikuwa nimeishika tangu walipoanza kuzungumza. Hadija akaja akanivika.

Siku ya maandalizi tulifika mapema, kiangazi kikiwa mwishoni. Katika chumba cha kusubiria kila mtu alikuwa ameacha kiti kitupu kati yake na mwenzake. Kwenye kliniki nyingine za Kigali watu wataulizana umetoka wapi, unaumwa nini, umekula. Pale hapakuwa na aliyeuliza. Mwanamume mmoja alikuwa amekosea vifungo vya koti, cha juu kimeingia kwenye tundu la pili, na hivyo hadi chini. Nilimtazama muda mrefu. Zamani ningeinuka nimfungulie na kumfunga upya. Siku ile niliona tu kwamba amekosea, na kwamba haina maana.

Muuguzi aliyetuita alikuwa Claudine, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mwenye Kiswahili cha haraka. Alikuwa na karatasi na kalamu.

"Muzehe, iko na chuma ndani ya mwili? Kichwani? Ile mashine haipendi chuma."

"Hakuna."

"Andika usemi wake tu," Hadija akadakia, "lakini huyu amemeza pini nyingi kuliko wali. Mafundi hawa wanaweka pini mdomoni kama peremende."

Claudine akacheka. "Zile zishatoka, Mama." Akaendelea. La pili lilihusu kifaa cha moyo, la tatu masikio. Kisha akasoma la nne: "Umewahi kuanguka, ukapoteza fahamu, mwili ukatetemeka? Kama mtu wa kifafa?"

Kabla sijafungua mdomo, Hadija alijibu kwa sauti niliyoijua vizuri, sauti ya fahari.

"Alianguka mara moja tu. Ramadhani. Ilikuwa ni funga, binti yangu. Mzee huyu alikuwa akifunga mpaka mwili ukakataa."

"Alitetemeka?"

Hadija alinitazama mimi, maana hakuwapo siku hiyo. Nikasema, "Hapana. Kizunguzungu tu."

"La tano. Unakunywa pombe, Muzehe? Au ulikuwa unakunywa?"

"Mimi ni Mwislamu, binti."

Claudine akaandika hapana, akaomba radhi kwa kuuliza.

Sasa nieleze nilichokificha.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikienda Kicukiro, upande mwingine wa jiji, kila wiki, nikisema nafuata vitambaa na vifungo. Vifungo nilinunua kweli. Kisha nilipita nyuma ya soko, mahali wanapouza urwagwa, ile pombe ya ndizi, na baadaye nikahamia kwenye pombe kali. Kule hawakujua kama naitwa Yusufu. Niliwaambia naitwa Leonard. Leonard alikuwa mtu mcheshi, aliwatengenezea watu zipu palepale mezani. Nyumbani sikuwahi kuwa mcheshi hivyo. Kisha nikaanza kubeba chupa ndogo hadi dukani, nikaificha ndani ya cherehani bovu.

Kila mwaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama niliacha siku hiyohiyo, ghafla. Niliona ndiyo heshima. Mwaka ule nilioanguka, siku ya tatu ya mfungo, nilikuwa nikikata kanzu, na kilichofuata nikajikuta sakafuni. Saidi, fundi mwenzangu, alikuwa amenifunika kanzu ya mteja kuanzia kiunoni kwenda chini. Ulimi nilikuwa nimeung'ata ukapasuka, na kovu lipo hadi leo. Suruali ilikuwa imelowa. Saidi aliniambia nilivyotetemeka. Alijua sababu ni mwili uliozoea pombe kunyimwa ghafla, maana alishaiona chupa. Majirani walipojaa mlangoni akawaambia, "Ni funga. Mzee amezidiwa na funga."

Alinisitiri, naye baadaye alihama, na siri ikabaki kwangu. Kosa si lake. Ningeweza kusahihisha usiku uleule, au kesho yake. Lakini watu walianza kuja na tende na uji. Wakasema, Yusufu ameanguka akiwa katika ibada. Imamu wa mtaani kwetu akaja kunijulia hali, akasema mtu ambaye funga inamwangusha ameruhusiwa kula, badala yake kila siku alishwe maskini mmoja. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Aliyeibeba kazi hiyo ni Hadija. Kuna mjane mzee chini ya ngazi za mtaa wetu, Bibi Mariamu, hana mtu. Kila siku ya Ramadhani, kwa Ramadhani sita, Hadija alimpikia na kumpelekea sahani jua likielekea kuzama, badala ya siku yangu ambayo sikufunga. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga. Mchana alinipikia mimi, na jioni akampikia Bibi Mariamu, kisha ndipo naye akafungua. Mimi nilikula nyuma ya pazia, mchana kweupe, kwa ruhusa niliyoiiba. Na baada ya Idi Leonard alirudi Kicukiro.

Pombe ilikuja kuisha, si kwa toba. Ugonjwa ulipoingia ilikosa ladha kama vitu vyote, safari zikapungua mpaka siku moja nikaona sijaenda muda mrefu.

Basi Claudine alitupatia karatasi ya maelekezo, akatupangia Jumatatu inayofuata. Nilale vizuri. Nisiruke kidonge wala kuongeza. Nywele zioshwe, zisipakwe mafuta. Nisivae saa wala kitu cha chuma. Nyumbani niliisoma karatasi kama barua. Chini kabisa waliandika kwamba mara chache sana mashine yaweza kumfanya mtu atetemeke na kupoteza fahamu, hasa kama aliwahi, na ndiyo sababu majibu yawe ya kweli.

Wiki ile ndiyo iliyokuwa chini kuliko zote. Niliwaza hivi: nikisema kweli, watanikataa, na baada ya sumaku hakuna kingine wanachonipa. Nikinyamaza, huenda nikaanguka. Na nikianguka nisiamke, itasemwa ni ugonjwa, hakuna atakayesema Yusufu alijitakia. Wazo hilo halikunitisha. Lilinituliza. Niliketi nalo Jumatano nzima kama mtu anayeota jua. Niliwasikia Hadija na Zulfa jikoni wakibishana kama nivae kanzu au shati, sauti zao zikaniumiza, kwa kuwa walikuwa wakiandaa safari moja na mimi nilikuwa nikiandaa nyingine. Kama wewe unayesoma umewahi kutulizwa na wazo la namna hiyo, mwambie mtu siku hiyohiyo. Mimi sikumwambia mtu, na hilo nalo ni kosa langu.

Jumatatu Hadija alinivisha shati. Aliifungua kamba ya pazia kiunoni, akaipunguza suruali kwa sindano ya mkono nikiwa nimeivaa, amepiga magoti. Mishono yake ni mibaya, siku zote.

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo. Kulikuwa na kiti kama cha kinyozi, mkono mrefu wa chuma, na mwishoni mwake kitu kama nambari nane kilichofunikwa kwa plastiki. Hadija aliketi kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Claudine alinivika kofia nyeupe ya kitambaa, akatoa tepu.

"Napima kichwa kwanza, Muzehe. Nitatafuta mahali pa kugonga. Tutajua ni penyewe dole gumba likiruka."

Akaiweka ncha ya tepu kati ya macho yangu, akaipeleka nyuma kisogoni. Niliisikia ikilegea utosini. Miaka hamsini nimewapima watu. Nimejua tepu iliyolegea hata nikiwa nimefumba macho.

"Binti," nikasema, "hiyo imelegea. Itakudanganya. Ishike kwa dole gumba hapa juu, kisha ndipo uivute."

Hadija akainua uso. Nadhani yalikuwa maneno marefu kuliko yote niliyoyasema mwezi ule.

"Eeh!" Claudine akacheka. "Nimepata fundi leo." Akapima upya, kama nilivyomwambia. Akaandika, akanisomea tena namba. "Ona, imebadilika. Asante, Muzehe. Nikikosea hapa, nakosea yote. Napiga pahali pabaya wiki sita na sijui."

Alisema hivyo akiwa ameinama mbele yangu, kalamu sikioni, akitia alama kwenye kofia kwa uangalifu mkubwa. Niliona shingo yake na mnyororo mdogo wa msalaba. Nikafahamu kwamba nikianguka, nitaanguka mikononi mwa huyu. Ataulizwa yeye. Atakesha akirudia vipimo vyake, akitafuta alipokosea, na hatapaona, kwa sababu hakukosea. Mteja akikupa kipimo cha uongo, nguo ikiharibika husemwa fundi.

"Claudine," nikasema, "usiwashe. Na mimi nilikupa kipimo cha uongo. La nne, na la tano."

Akamtazama Hadija, kisha mimi. "Mama atoke kidogo?"

Ningeweza kusema atoke. Nataka ieleweke kwamba nilitamani.

"Abaki."

Nikayasema yote nikiwa nimevaa kofia ile, kutoka vifungo vya Kicukiro hadi kanzu ya mteja. Nikalitaja jina la Leonard. Nikatoa ulimi nikaonyesha kovu, kama mtoto. Nikayasema hata ya Jumatano. Claudine aliweka tepu chini.

Hadija hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Na sahani?"

"Sahani gani?"

"Za Bibi Mariamu, Yusufu." Maisha yetu yote ameniita Baba Zulfa. "Nilikuwa namlisha yule mama kwa sababu ya nini?"

Alijitanda mtandio wake, akatoka.

Daktari akaja, akauliza upya polepole, hasa ya Jumatano, akaandika mengi. Hakunikemea. Alisema leo haiwezekani, kwamba wataupima umeme wa ubongo, na kidonge kimoja kitabadilishwa taratibu. "Hatujakukataa, Mzee. Lakini siwezi kukuahidi." Nikavuliwa kofia. Hadija alikuwa kwenye benchi la nje. Aliposimama alitangulia, nami nikamfuata hatua tano nyuma hadi kituoni, na hatua tano nyuma hadi nyumbani.

Wiki zilizofuata alinipikia. Aliweka sahani mezani bila kusema karibu. Vidonge vyangu alivichukua akavifunga mkobani mwake, kila asubuhi akanihesabia mkononi, maana daktari alimweleza. Kwa watu wa nje alikuwa yuleyule. Zulfa alipiga simu, mama yake akatoka nje kuzungumza. Aliporudi simu akanipa, Zulfa akaniambia tu, "Baba, kula," kisha akakata. Vuli ikaanza, maji yakashuka kwenye ngazi zetu yamebeba vumbi la kiangazi chote. Nililala nikiyasikiliza. Waliosema ukweli humpa mtu amani hawakuwa wakiongea kuhusu mimi. Nilikuwa mgonjwa vilevile, na sasa mke wangu alikuwa ananijua.

Kliniki walipiga simu. Vipimo viliruhusu, nianze kwa nguvu ndogo, wakiniangalia. Asubuhi hiyo nilijivika mwenyewe, nikatumia muda mrefu. Nilipofika mlangoni Hadija alikuwa amesimama tayari na mkoba wake.

"Usidhani ni kwa ajili yako," akasema. "Nakwenda kwa ajili ya yule binti. Usije ukampa kipimo kingine."

Claudine alipima, tepu imenyooka. Akaniziba masikio, akakilaza kile kitu juu ya kichwa. Mashine ikagonga mara moja, kama mtu anayepiga ukucha kwenye fuvu. Akasogeza kidogo, ikagonga tena, na dole gumba langu la kulia likaruka lenyewe.

"Yoo!" Hadija akasema kwa nguvu hata nikamsikia. "Hicho kidole hakijafanya kazi mwaka mzima."

Claudine akacheka mpaka akashika ukuta. Hadija hakucheka. Lakini alikuwa amesema.

Baadaye iligonga mfululizo, ikapumzika, ikagonga tena, mwendo wa cherehani la mtu anayeshona pindo refu na kusimama kugeuza kitambaa. Iliuma kidogo juu ya jicho. Siku ya kwanza sikuhisi badiliko lolote. Siku ya kumi vilevile, nikamwambia Claudine kwamba anapoteza muda. Wiki ya tano nilimsahihishia mtu vifungo vya koti katika chumba cha kusubiria. Sijui kama ni sumaku. Asubuhi bado ni nzito, zipo nyingine ambazo siinuki. Lakini ile dua ya kuomba nisiamke sijaiomba kwa muda.

Ramadhani imeingia. Mwaka huu daktari amenikataza kufunga kweli, kwa sababu ya vidonge na kwa sababu ya usingizi, na daktari huyo anajua yote. Siku ya kwanza Hadija alipika kama kawaida, akapakua, akafunika sahani kwa kitambaa. Kisha akaiweka mbele yangu.

"Hii ni yako kupeleka."

Nilishuka ngazi polepole, sahani mikono miwili, majirani wakinisalimu na kuniombea dua, nami nikiitikia. Bibi Mariamu alikuwa kwenye mkeka wake.

"Mbona wewe? Hadija anaumwa?"

"Hadija mzima, Bibi. Mgonjwa ni mimi."

"Ajabu. Mgonjwa ndiye analetea wazima chakula?"

Nikaketi kizingitini nikamweleza kwa nini amekuwa akila sahani zile, na kwa nini hakupaswa. Ilichukua muda. Adhana ya magharibi ikapigwa nikiwa bado naongea. Alinyanyua kiganja kuninyamazisha, akafungua kwa tende, akala. Alikula zote, akafuta sahani kwa kidole.

"Aliyepika hakunidanganya," akasema, akinirudishia. "Na kesho uwahi. Hadija hakuwahi kunichelewesha."